Yeongrye na Mkono Uliokataa Kupanda

Ndugu waombolezaji, mtatuwia radhi mapema kwa usomaji mbovu, kwani familia ilitafuta mtu mwenye sauti ya heshima, ikamkosa, ikabaki na Guk Pansu, mdogo wa marehemu, mchekeshaji wa majukwaani, ambaye hajawahi kusoma karatasi yoyote bila kuitia chumvi.

Marehemu Guk Yeongrye alizaliwa tarehe 12 Machi 1961 huko Gokseong, mtoto wa kwanza wa mzee Guk na bibi Pyo, akasoma shule ya msingi hapo hapo hadi Februari 1974, akaachishwa ili ada imtoshe Pansu, naye Pansu akaenda kusomea vichekesho. Tarehe 20 Oktoba 1985 alifunga ndoa na bwana Seol Gitae, mwaka 1988 wakajaliwa binti yao wa pekee, Boram, na tarehe 2 Machi 1992 akaajiriwa kuwa mpishi wa shule, akikoroga supu ya watoto kwa mwiko mkubwa kama koleo, mkono wake wa kulia ukiogopwa na masufuria na watukutu vilevile.

Juni 2021 alikutwa na saratani ya titi la kulia, akaondolewa titi hilo pamoja na tezi za kwapani tarehe 6 Julai, na kwa kuwa kwetu mgonjwa hunyimwa hata kushika kijiko chake, mumewe, kwa mapenzi matupu, aliufunga ule mkono kifuani kwa mbeleko aliyobebewa Boram, akisema, "Mama Boram, tulia, mkono huu umeshafanya kazi ya watu kumi," na ulipofunguliwa mwishoni mwa Septemba bega lilikuwa limekakamaa kama samaki mkavu, hawezi kuchana nywele, hawezi kuvua fulana, mtaalamu wa mazoezi ya viungo akapiga kelele, "Baba, nani alikwambia bega ni mtoto mchanga?"

Tarehe 23 Novemba mama yao, bibi Pyo, alifariki, na Yeongrye, binti mkubwa, aliyepaswa kuinua mikono yote miwili hadi kwenye paji la uso, kisha ashuke taratibu hadi sakafuni kumwinamia mama, aliinua mmoja tu, mwingine ukaning'inia, shangazi zake wakanong'ona, "Anamuaga mama kama anasimamisha basi," naye akasikia.

Kuanzia hapo alitaka kitu kimoja tu, kumwinamia mama kikamilifu siku ya kumbukumbu ya kifo chake inayofanywa kila mwaka, akawa anapandisha vidole kwenye ukuta wa jikoni kama buibui, akiuma taulo asipige yowe, mkono ukivimba anauvalisha soksi ya kubana aliyopewa hospitali na kuendelea, na Pansu alipomwambia, "Dada, inatosha, mama alikuwa haoni vizuri hata alipokuwa hai," alijibiwa, "Nyamaza wewe, kwako kila kitu kinatosha isipokuwa makofi." Kumbukumbu ya 2022 mkono uliishia kidevuni.

Mwanzoni mwa Novemba 2023 mikono ilifika, yote miwili, sawasawa, akacheka mpaka akakaa sakafuni, akashindwa kuinuka, kumbe maumivu ya kiuno aliyoyadharau yalikuwa saratani iliyohamia kwenye mifupa ya mgongo, daktari akamkataza kabisa kupiga magoti, na jioni ya kumbukumbu aliketishwa kwenye kiti mbele ya picha ya mama na chakula alichotengewa, akainua mikono, akabaki ameiinua, Boram alipotaka kumteremsha mikono akasema, "Niache, mwanangu, utanivunja," kisha akaiambia picha, "Mama, mikono hii hapa, sasa miguu ndiyo imegoma."

Kumbukumbu ya mwaka uliofuata ilimkuta kitandani. Alifariki tarehe 3 Machi 2025, hospitalini Gwangju, akiwa ametoka kuuliza kumbukumbu ya mama imebaki miezi mingapi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, mtaalamu wa mazoezi kwa kelele zake za haki, majirani walioleta uji wa maboga, na wapishi wenzake ambao hata sasa wanakoroga supu ya msiba huu. Pumzika, dada, mikono ikae popote inapotaka.

Na kama kuna aliyejiuliza kwa nini ratiba ilichelewa asubuhi, marehemu hahusiki: mdogo wake, mwenye mikono miwili mizima na miguu miwili mizima, alishuka kumwinamia dada mbele ya picha yake vizuri kabisa, akakwama huko chini mpaka Boram alipomwinua.