Mchawi Mpika Chai

Jioni ile basi la Karagita lilitoka Naivasha likiwa nusu tupu. Mbele yangu alikaa msichana mwenye koti la wafanyakazi wa shamba la maua, akisoma riwaya. Mzee wa kando yake akamuuliza inahusu nini.

"Mchawi amefungua hoteli ya chai, akapendana na jitu linalopika mikate." "Halafu?" "Wanapendana tu, mzee." Mzee akacheka. "Hakuna vita? Hakuna mtu anakufa? Hiyo si hadithi, msichana wangu. Ukiruka katikati yote hupotezi kitu."

"Ni kweli, mahali pengine inachosha," akakubali. "Hata hawagombani. Lakini kila jioni hilo jitu linamuuliza mchawi kama amekula. Mimi tangu nihamie huku, hakuna mtu ameniuliza hivyo."

Nilijifanya natazama Ziwa Naivasha, ingawa kutoka barabarani halikuonekana. "Marehemu mke wangu alikuwa akiniuliza," mzee akasema. "Nilikuwa naona ananisumbua." Kisha akakohoa. "Lakini hata kavita kadogo wangeweka."

Msichana alicheka, na basi likasimama. Aliposhuka, mzee alihamia dirishani, akamtazama hadi akapotea kati ya watu.