Kichwachini Anaiaga Meza ya Kadi

Baada ya miaka thelathini na minne ya kuchambua barua, karani wetu wa meza ya kadi za posta anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Jina lake kamili limo kwenye jalada. Sisi humwita Kichwachini, naye huitika.

Alianza kazi akibandika stempu. Mwaka wa tatu akahamishiwa meza ya kadi, na hapo ndipo ugonjwa ulipomwanza. Kadi iliyoandikwa kwa mkono hakuisoma kamwe. Aliipindua juu chini, akarudi nyuma hatua mbili, akaitazama kama mtu anayechagua kitambaa cha suti. Alitufundisha kwamba maneno yanaziba macho: ukishajua shangazi wa mtu anaumwa goti, huuoni tena mkia wa herufi ulivyoshuka ukajipinda. Anwani aliichungulia kwa jicho moja tu, kwa sababu za kikazi.

Kadi ambazo anwani zake zilifutwa na mvua au kuliwa na mende alizipachika ukutani, zote juu chini. Zilifika mia nne na kumi. Alituonyesha wino wa buluu uliovuja ukawa moshi, muhuri uliokalia sentensi bila adabu, mistari iliyoanza imenyooka ikaishia kubanana pembeni kwa kuwa nafasi imekwisha na salamu bado. Mkaguzi mmoja alikuja kutukagua, akaondoka na shingo iliyokakamaa, na ripoti yake ikatusifu.

Kipenzi chake kilikuwa kadi ya katikati, yenye mwandiko mrefu wa wino wa kijani. Kwa miaka kumi na tisa aliisalimu kila asubuhi kabla ya kutusalimu sisi. Kitu kimoja tu kilimnyima raha: dada yake mkubwa, aliyemlea, alimnunia miaka hiyohiyo bila kumwambia kosa lake. Kila wakati wa chai alilalamika kwamba dada hamwandikii hata mstari. Tulimpa pole, na sukari.

Mwezi uliopita ukuta ulitakiwa kupakwa rangi. Nikapewa kazi ya kubandua kadi, na mimi, nakiri, ni msomaji. Ile ya kijani niliigeuza. Anwani ilikuwa safi kabisa: jina kamili la Kichwachini, ofisi hii hii, meza hii hii. Dada alimwandikia kwamba anakuja Jumamosi, ampokee kituoni, na asipomwona atajua hatakiwi.

Siku kadi ile ilipofika, uzuri ulimzidi nguvu akasahau kuchungulia anwani. Wala si ajabu kwamba hakuutambua mwandiko wa dada yake, maana alizoea kuuona wima. Nilipomsomea, alikalia gunia la barua akalia mbele yetu sote. Hatukucheka, ingawa wawili walilazimika kutoka nje.

Alipojifuta machozi aliandika jibu. Dada yu hai, nyumba ni ileile, tumeulizia. Tatizo ni mwandiko wa Kichwachini mwenyewe. Wachambuzi wanne wazoefu na lenzi ya kukuzia hatukuambulia hata herufi moja, wima wala juu chini, na kanuni zetu haziruhusu kusafirisha kadi isiyosomeka. Kwa hiyo badala ya saa ya ukutani tunayowapa wastaafu tumemkatia tiketi ya basi la Jumamosi, aipeleke mwenyewe.

Asante, kaka, kwa macho uliyotupa. Tunakuombea pumziko jema na mlango ulio wazi. Ukifika, mpe dada kadi aitazame kwanza, kisha umsomee kwa sauti.