Mama Kafunga na Siku Yake ya Saba

Ndugu na jamaa, majirani wa mtaa wetu, washirika wa kanisa na wote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa na sisi, poleni na asanteni, tunaomba mtulie kidogo mtusikilize, tuwaeleze alikotoka, alivyoishi na alivyoondoka mpendwa wetu, ambaye ndani ya nyumba tulimwita mama na mtaani mlimwita Mama Kafunga.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa nne kati ya sita, baba yake akiwa karani wa stoo kwenye kiwanda cha sabuni na mama yake mshonaji, wakiishi vyumba viwili nyuma ya kiwanda hicho hicho, na katika nyumba ile kila Ijumaa jioni cherehani ilifunikwa kitambaa, viatu vya watoto vilipangwa mlangoni vikiwa vimeshapigwa rangi, sufuria zilikuwa zimeshaoshwa, na jua likishazama hakuna aliyegusa kazi mpaka jua la Jumamosi nalo lizame. Yeye mwenyewe alituhadithia kwamba alipokuwa mdogo alidhani dunia nzima inazimwa Ijumaa jioni kama taa, na Jumamosi moja aliposikia kiwanda kinanguruma alimfuata baba yake akamuuliza ni nani amesahau kukizima.

Alisoma shule ya msingi karibu na nyumbani, akaendelea na sekondari mpaka kidato cha nne, mwaka 1990 akajiunga na chuo cha ufundi kusomea ususi na urembo, na huko alisifiwa kwa mkono mwepesi, lakini mtihani wa mwisho wa vitendo ulipangwa siku ya Jumamosi, naye hakwenda. Mwalimu wake alimwita ofisini akamwambia, "Binti, Mungu hana shida na cheti, mwenye shida nacho ni wewe," na yeye akajibu, "Ndiyo maana nitakisubiri, mwalimu," akakisubiri mwaka mzima, akaja kukifanyia mtihani na wadogo zake waliomkuta chuoni.

Kazi alianza kwenye saluni kubwa ya mjini, yenye vioo ukuta mzima na viti vya kuzunguka, na wote tunajua saluni inakula Jumamosi, ndiyo siku ya maharusi na ya watu wa ofisini, kwa hiyo mwenye saluni alimvumilia kwa muda, mwisho akamwambia mbele ya wateja, "Dada, msusi asiyefanya kazi Jumamosi mimi nimfanyie nini, nimweke kabatini?" Watu walicheka, na yeye alicheka nao, akakunja aproni yake akaaga vizuri, na baada ya kuolewa akafungua saluni yake kwenye chumba cha mbele cha nyumba tunayoishi, viti vitatu, kioo kimoja na mlango wa chuma aliotengenezewa na mumewe. Wateja wapya walikuja Jumamosi wakakuta mlango umefungwa, wakiuliza, majirani wanajibu bila hata kunyanyua kichwa, "Mama kafunga," na jina likamganda. Simu zilipoingia ikawa taabu mpya, maana mlango ukifungwa watu wanapita kwenye simu, naye akawa anaizima Ijumaa na kuisukuma ndani ya droo chini ya mataulo, hata wateja wake wakawa wanataniana kwamba siku ya mwisho ukifika mbinguni Jumamosi utakuta Mama kafunga.

Ndoa yake ilifungwa tarehe 8 Septemba 1996, akiolewa na fundi wa kuchomelea milango na madirisha, mwanamume ambaye wakati huo alikuwa hajui kusoma, na kanisani alikuwa akishika kitabu cha nyimbo na kufumbua mdomo tu, akiombwa asome anasema ameacha miwani nyumbani, na wala hakuwahi kuwa na miwani. Marehemu alimgundua mapema akanyamaza, hakumwaibisha, ila mchana wa Sabato, siku ambayo mikono ya wote wawili ilikuwa huru, alikaa naye kwenye mkeka wa sebuleni, akaweka kidole chini ya neno na kumwambia, "Baba, leo twende mpaka kwenye nukta," na kwa miaka mingi ya nukta moja moja alimfikisha, na haya mnayoyasikia leo yameandikwa kwa mkono wa mumewe huyo. Mungu aliwajalia watoto wawili, wa kike, ambaye sasa ndiye anayeendesha saluni, na wa kiume, ambaye ni fundi wa magari, na wajukuu watatu.

Sasa lipo jambo moja ambalo familia nzima inalijua, na wengi wenu mmelisikia vipande vipande, nasi tunaona tuliseme lote, kwa sababu bila hilo hamtaelewa alivyoondoka.

Marehemu alikuwa na wifi yake, mdogo wake mumewe, ambaye ni nesi, walipendana kama watoto wa tumbo moja, na wifi huyu alipangiwa harusi Jumapili ya tarehe 13 Desemba 2009, basi wakakubaliana kwamba kwa kuwa Jumamosi haiwezekani atasukwa Ijumaa. Ijumaa ile wifi alichelewa kutoka zamu, alifika mchana umeshakwenda, na saa hiyo mvua ilikuwa inajikusanya, umeme ukakatika, chumba kikawa giza, na marehemu kwa desturi yake alikuwa haangalii saa, alikuwa anaangalia dirisha. Alipomaliza upande wa kulia wa kichwa alitazama nje, akaweka kitana chini.

"Wifi, mbona umeacha?"

"Jua limezama, wifi yangu."

"Jua limezama wapi? Hilo ni wingu!"

"Ni jua."

"Wewe mama, mimi naolewa keshokutwa, unaniacha na nusu kichwa?"

"Jumamosi jioni likizama nakuja mwenyewe nimalizie, hata kwa mshumaa."

Bibi harusi hakungoja kusikia mshumaa, alijifunga mtandio akatoka analia, na hakuwa amefika mbali wakati wingu lilipofunguka na jua la jioni likaingia chumbani, jua zima, kubwa, linawaka mpaka kwenye kioo. Marehemu alitoka mbio na kitana mkononi mpaka barabarani, akakuta gari limeshaondoka. Kesho yake msusi mwingine alimalizia upande wa kushoto kwa mkono mwingine, mistari haikufanana, ndiyo maana kwenye picha zote za harusi ile bibi harusi ameangalia upande mmoja. Jumamosi jioni marehemu alikwenda kama alivyoahidi, mlango haukufunguliwa, sauti tu ilitoka ndani ikisema, "Mwambieni akapumzike."

Kuanzia siku hiyo mawifi hawa hawakusemeshana, ikawa salamu zinapitia kwa mume wa marehemu, huyu "mwambie mkeo nimemsalimu," huyu "mwambie dada yako nimepokea," kwenye misiba wanakaa pande mbili, kwenye sherehe mmoja akiingia mwenzake anakumbuka ana mboga jikoni, na miaka ikapita hivyo, mingi kuliko tunavyopenda kuitaja.

Mwaka 2022 marehemu alianza kuvimba miguu na kuchoka, alipopimwa ikaonekana shinikizo la damu limeziharibu figo zote mbili, na daktari akaeleza kwamba lazima asafishwe damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, na nafasi iliyokuwepo ilikuwa ya Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Marehemu aliomba siku nyingine, akaambiwa foleni ni ndefu, akasema basi atakwenda mbili, hiyo ya tatu ni ya Bwana. Daktari alimsihi, mchungaji wake mwenyewe alikuja nyumbani akamweleza kwamba kutunza uhai si kuvunja Sabato, binti yake alilia, naye alijibu wote kwa upole ule ule, "Mimi sisemi ni dhambi kwa wengine, ila nikianza kuikata siku hii leo kwa sababu naumwa, ile yote niliyoikataa nikiwa mzima nilikuwa nakataa nini?" Akakaa hivyo miezi, kila Jumapili anaamka amevimba uso, pumzi fupi, analala ameegemea mito, na mumewe alimtazama mkewe akififia mbele yake, hajui amshikie mkono wa imani au wa mwili.

Mwisho mumewe alikwenda kwa dada yake bila kumwambia mtu. Dada huyu alikuwa anafanya kazi kwenye wodi ile ile ya mashine, lakini alikuwa ameomba asipangwe Jumanne wala Alhamisi, na sababu wote tunaijua, Jumamosi ndiyo alikuwa zamu bila wasiwasi, akijua hatamkuta. Alimsikiliza kaka yake mpaka mwisho, na Ijumaa iliyofuata mchana alibisha hodi kwenye mlango wa saluni ambao alikuwa hajaukanyaga tangu siku ya wingu.

"Wifi."

"Wifi. Karibu ukae."

"Sikai. Nimesikia unaniogopa Jumamosi."

"Sikuogopi wewe, naiogopa siku."

"Kesho utakuja, utakaa kwenye kiti, hutanyanyua hata kijiko. Kazi nitafanya mimi."

"Hapo ndipo penyewe. Sitaki mtu afanye kazi kwa ajili yangu siku ya Bwana."

"Sawa. Na Bwana mwenyewe aliuliza, ng'ombe wako akitumbukia kisimani siku ya Sabato, hutamtoa?"

"Kwa hiyo mimi ndiye ng'ombe?"

"Ng'ombe angeshatoka zamani. Wewe umo kisimani unabishana na kamba."

Marehemu alicheka mpaka kikohozi kikamshika, wifi akasahau kwamba hakai, akakaa, akamshika mgongo, na kikohozi kilipotulia marehemu alimwambia, "Wifi yangu, lile lilikuwa wingu." Wifi akajibu, "Nilikwambia," wakabaki wameshikana hapo hapo kwenye kiti cha wateja, na mumewe aliyekuwa amesimama mlangoni alitoka nje akajifanya anakagua bawaba.

Tangu wiki ile marehemu hakukosa Jumamosi hata moja, na alikwenda amevaa nguo za kanisani, na kwa kuwa sindano inaingia kwenye mkono, binti yake alifumua mshono wa mkono wa kushoto wa blauzi yake nyeupe akaweka vifungo. Wodi ile ina viti kumi, mashine zinazunguka, watu wamefungwa mipira hawawezi kwenda popote, na marehemu aliangalia akamwambia wifi yake kwamba kumbe Sabato yenyewe ni hii, hapa hata mwenye tamaa ya kazi hana mkono wa kuifanyia. Macho yake yalikuwa yameshaanza kupungua nguvu, kwa hiyo mumewe ndiye aliyemsomea somo la Biblia la juma, taratibu, na wengine wakaanza kusogeza masikio, hata yule dereva mstaafu wa kiti cha jirani, ambaye dini yake ni nyingine, alikuwa akiuliza, "Mama, leo mzee anatusomea wapi?" na mumewe akiruka mstari marehemu anasema amefumba macho, "Rudi nyuma, baba, umewaacha watu njiani."

Lakini daktari hakutuficha, nasi hatuwafichi, alisema ile miezi ya mwanzo ya kwenda mara mbili iliuchosha sana moyo, na moyo ukichoka hivyo haurudi ulivyokuwa. Familia haisemi haya kumlaumu, wala haisemi kumsifu, tunasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na mumewe amejiuliza swali hilo asubuhi nyingi na bado hana jibu la kuwapa. Mwezi wa Oktoba maji yalijaa kwenye mapafu, akalazwa, na Alhamisi tarehe 17 Oktoba 2024, asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, mume wake akiwa upande mmoja na wifi yake upande mwingine, moyo wake ulisimama.

Siku ile ile tulikaa kikao cha familia, na wengi wetu, kwa nia njema kabisa, tulisema azikwe Jumamosi, watu hawaendi kazini, walioko mbali watawahi. Aliyesimama ni wifi yake, ambaye si wa kanisa la marehemu na hajawahi kushika Sabato maishani mwake, akasema, "Jumamosi hapana. Siku ambayo ameilipia kwa moyo wake, nyinyi mnataka kuishikia jembe?" Ndiyo maana leo ni Jumapili. Jana wifi huyo hakwenda zamu, aliomba mwenzake amshikie, akaja nyumbani tangu Ijumaa jua halijazama, akazima simu yake, akakaa na kaka yake sebuleni, hawakupika, hawakufagia, hawakupanga chochote cha leo, na ilikuwa siku ndefu, ndugu zetu, hatujawahi kuona ndefu kama ile.

Familia inawashukuru madaktari na manesi wote wa wodi ya mashine, hasa wale wa zamu ya Jumamosi, inawashukuru wagonjwa wenzake wa viti vile, na wale ambao wameletwa hapa leo wakiwa na udhaifu wao, inawashukuru wasusi wenzake waliofunga saluni zao kuja kumsindikiza, mafundi wenzake mumewe waliotengeneza msalaba, mchungaji na washirika, na nyinyi majirani mliowajibu wateja wake miaka yote hii.

Mke wangu, mpaka hapa nimefika kwenye nukta. Pumzika kwa amani.