Siku Saba Mtawalia

Baraza letu la Kikwajuni, mwaka ule wa sabini na mbili, lilikuwa na kila kitu isipokuwa mtu wa kukubali kushindwa. Baada ya alasiri Simai hupita na dele lake la kahawa, na kila mmoja hupokea kikombe bila kutazama. Siku hiyo Jecha naye akapokea, akapiga mafunda mawili. La tatu likamkwama kooni, akalitema. Alikuwa amefunga. Mwanawe Matar alipougua surua, Jecha aliweka nadhiri kwamba mtoto akipona atafunga siku saba mtawalia, na hiyo ilikuwa ya sita.

— Nshaharibu, alisema. Na homa ikimrudia mtoto?

Watu wenye akili wangemtuliza. Sisi tukalikamata neno. Masoud, tunayemwita Kamusi ingawa nyumbani hana hata moja, alisema mtawalia ni Kiarabu, maana yake kufuatana bila pengo, basi Jecha aanze upya. Mkubwa, fundi wa mifereji, akabisha kwamba hata bomba lina maungio na maji yanapita. Valimohamed mwenye duka akadai neno limeingia na majora ya vitambaa kutoka Bombay, na uzi ukikatika huungwa, jora halirudishwi. Mkubwa alipoona anapitwa, akaapa kuwa neno lilizaliwa Kiwengwa, kwa wasokota kamba, kabla Mwarabu hajaiona Unguja.

— Ulikuwepo? Kamusi akamuuliza.

— Bibi yangu alikuwepo.

Jecha hakuwa akisikia. Alikuwa ameinamia kile kikombe, nami nilimwonea huruma, lakini sikunyamaza; nami nilikuwa na nadharia yangu.

Bi Tabia, anayesomesha watoto Kurani katika chuo cha uchochoro wa pili, akapita na kapu la samaki. Tukamwamkia, akaitikia, akamtazama Jecha, akaelezwa.

— Ulipokunywa, ulikumbuka kama umefunga?

Saa nzima tulikuwa Bombay na Kiwengwa, na hakuna aliyemuuliza hilo.

— Nlisahau, Bi Tabia. Wallahi nlisahau.

— Basi saumu yako nzima. Aliyesahau, Mungu ndiye aliyemnywesha. Malizia siku yako, na kesho ufunge ya saba.

Jecha akafuta macho kwa ncha ya kanzu, akacheka, akaondoka mbio kwenda kwa mwanawe, kiatu kimoja akakiacha barazani.

— Lakini neno lenyewe, Kamusi akaanza.

Sote tulikuwa tunacheka kwa raha.