Vakyumu ya Romano

Mwezi haukuwa umetimia tangu risasi zinyamaze Juba, na benchi la mtaa wa Hai Mauna, mbele ya jiko la Viola muuza kahawa, lilikuwa na nafasi kuliko watu. Waliobaki walikaa palepale walipozoea, kana kwamba waliokimbia wametoka kidogo tu kujisaidia. Mzee Lukudu, aliyeitwa Balozi kwa sababu ya redio yake na habari zake za nchi za watu, alishika pembe ya kulia. Douglas wa bodaboda, waliyembandika jina la Mafuta kwa kulalamikia petroli kutwa kucha, alikuwa wima, ufunguo mkononi. Katikati alikaa Proscovia, Mganda kama Douglas, fundi wa pasi na feni aliyetoka Masaka mwaka Sudan Kusini ilipopata uhuru. Mapajani alikuwa na mashine ndogo ya kufyonza vumbi, vakyumu ya mkononi, isiyo na waya. Mwenyewe ni Romano, dereva teksi, aliyeitumia kusafishia gari lake na kumwachia aitengeneze siku chache kabla ya vita. Sasa Romano, pamoja na mke na watoto, alikuwa amekimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa.

— Dada Proscovia, basi ya Kampala inaondoka saa nane, alisema Douglas. Mimi nakuja kukubeba, wewe iko na bisibisi!

— Nenda, kaka. Mimi nina kazi.

— Kazi gani? Waganda wote wanaenda!

— Basi utakuwa na wa kuongea nao njiani.

Alichomoa betri kwanza, akabandua karatasi ya nembo. Chini yake palijificha skrubu ya mwisho.

— Hiyo haikuharibika, alisema Balozi. Imezimwa. Nchi ikiingia vita, wenye kiwanda wanabonyeza kule kwao, kalas, imekwisha, kila kitu kinalala.

— Na redio yako, mzee, mbona inapiga kelele? aliuliza Viola.

— Redio ni ya zamani. Hawaijui.

— Mi nasema ni zile bomu, alisema Douglas. Bomu ikilia, sumaku ya mota inasahau kazi. Hata pikipiki yangu siku hizi inavuta upande.

— Pikipiki yako inavuta upande tangu nikujue, alisema Proscovia.

— Sikilizeni, Balozi akashusha sauti. Kwa nini iwekwe ndani ya teksi? Wakubwa wanaongea ndani ya teksi! Vumbi lile linapimwa. Wanajua nani alipanda, alikanyaga udongo wa wapi. Viola, wanajua wewe ni wa Rejaf.

— Hata kuku wa Kator wanajua mimi ni wa Rejaf!

Ganda likaachia, ka! Kishikizo kimoja kilivunjika, Proscovia akafyonza meno. Ndani, feni ilikuwa imefungwa na nywele: nyuzi za rasta nyekundu, nyeusi na kahawia, zimejisokota mpaka mota ikashindwa kuzunguka. Waya wa betri ulikuwa umeungua na kuachia.

— Abiria wake hao, alisema Viola taratibu.

Proscovia alizivuta moja moja kwa kibano, akijiuliza wenye vichwa vile wako wapi leo. Umeme haukuwepo, hivyo alichomeka chuma chake cha lehemu kwenye makaa ya Viola.

— Mwanangu, alisema Balozi, tuseme kweli. Teksi ya Romano askari wameichukua. Kambini atafyonza nini, matope?

— Aliniambia nitengeneze. Hajaniambia niache.

Alikuwa ameunga waya na anapuliza lehemu ipoe, mtu akasimama mbele yao. Koti la kijeshi, ndara miguuni, bunduki begani.

— Hiyo ni ya nani?

Balozi, mwenye jibu la kila kitu, alitazama vidole vyake. Watu wa kabila la Romano walikuwa wakisakwa, na jina lake siku zile halikutajwa mbele ya bunduki.

— Ya mteja, alisema Proscovia.

— Mteja gani?

— Aliyeileta.

— Lete.

Proscovia aliikumbatia mashine kifuani.

— Ukiwa na kitu kimeharibika, leta, nitakitengeneza vizuri. Hii haiendi.

Douglas alitia ufunguo mfukoni, akaketi karibu naye, bega kwa bega. Balozi naye akasogea upande wa pili. Yule mtu aliwatazama mmoja mmoja, kisha akamgeukia Viola.

— Kahawa iko?

— Imekwisha, alisema Viola, na birika lilikuwa linachemka mbele ya macho yao, harufu ya tangawizi imejaa barabara.

Yule mtu alitema mate mavumbini, akaenda zake. Walingoja mgongo wake upotee kwenye kona.

— Saa nane imepita, alisema Douglas baadaye.

— Pole, kaka.

— Malesh, si kitu. Viola, hiyo kahawa iliyokwisha, nimiminie.

Proscovia alirudisha betri, akafunga lile ganda kwa utepe mweusi, akabonyeza. Mashine ilinguruma, ikavuta majani makavu chini ya benchi. Akaizima upesi, akapiga simu. Romano aliitika kwa sauti ya mtu asiyelala.

— Sikiliza, shemeji, alisema Proscovia, na kuwasha mashine karibu na simu.

Alipozima, alimsikia Romano akimwita mkewe aje karibu, na watoto pia.

— Nikutumie huko? aliuliza Proscovia.

— Hapana. Kaa nayo. Nitakuja kuichukua mwenyewe.

Balozi aliinamia simu, kahawa ikimmwagikia suruali.

— Tutakuwepo hapa, Romano!

— Sawa, mzee. Dada Proscovia, watoto wamefika. Washa tena.