Usingizi wa Mafuta ya Mrihani

Basi lilipopita Buxton, Chonga alikuwa amejitia kutazama mvua ya El Nino, kumbe masikio yake yako kiti cha mbele.

"Tangu nimpake mume wangu mafuta ya mrihani, hapigi kite cha maumivu tena. Yuwalala tu," mama mmoja alimwambia binti aliyeketi naye. "Naenda sokoni Marikiti kutafuta mengine."

Binti, ambaye kazi yake ni kuyajaribu mafuta hayo kwa panya, hakufurahi. "Mamangu, panya wetu nao, tukishawapaka, hutulia juu ya bati la moto. Mkubwa wangu asema hawaumwi. Mimi nachelea wanaumwa, ila usingizi umewanyima nguvu ya kuruka."

"Mume wangu si panya!"

Chonga naye aliona hivyo.

Basi liliposimama Tononoka, mama aliinuka.

"Marikiti bado, mamangu."

"Narudi kumwamsha," alisema. "Nimuulize kama bado yuwaumwa."