Neno Alilolibania Bi. Yudita Siwale

Tarehe 30 Juni 2012, baada ya miaka ishirini na minane ya utumishi katika Wilaya ya Mbozi, Bi. Yudita Siwale anakabidhi ofisi ya kata, muhuri wake, na kile kiti kibovu ambacho hakuruhusu mtu mwingine akikalie. Anastaafu akiwa Afisa Mtendaji wa Kata. Sisi watendaji wa vijiji aliotuongoza tunasikitika kwa dhati, ingawa wapo wanaofurahi kimoyomoyo kwamba sasa wataweza kuchelewa vikaoni.

Alianza mwaka 1984 kama karani, Tunduma, enzi ambazo mtu akipata sabuni, majirani walikuja kumpongeza. Biashara ilipofunguliwa na mji kujaa malori, ugomvi nao ulijaa, na wagombanaji wengi waliishia mezani kwake. Hapo ndipo alipojijengea tabia iliyotusumbua sote: hakukubali kirahisi mtu amwite mwenzake mwovu. Ukimwambia fulani ni mwovu, alikuuliza amefanya nini. Ukishaeleza, alikutafutia neno la kufaa, na karibu kila mara lilikuwa dogo kuliko hasira uliyokuja nayo. Mama ntilie aliyemwagia mwenzake maji ya vyombo alikuwa mchafu. Dereva aliyeziba njia kwa lori lake akaenda kulala gesti alikuwa mzembe. Watu waliondoka wamenuna, lakini waliondoka.

Alipohamishiwa kwetu kama mtendaji wa kata, hata sisi hakutuacha. Mwaka mmoja mbuzi wa mwenyekiti wa kijiji changu alikula shada la maua la mgeni rasmi, na gari la mgeni lilikuwa limeshaonekana kwenye kona. Nilimlalamikia Bi. Yudita kwamba mwenyekiti ni mtu mwovu, amenikusudia aibu. Aliuliza mbuzi alifungwa na nani. Hakufungwa na mtu. Akaniambia basi kilichokosekana pale ni kamba, nipunguze maneno nitafute kitu cha kumvalisha mgeni. Mgeni alivalishwa kitenge cha mke wangu, akaondoka nacho.

Zahanati aliyoisimamia ipo, madarasa yapo, na barabara ipo wakati wa kiangazi. Hayo yameshaandikwa kwenye ripoti. Ninalotaka lisomwe leo ni la mwaka 2003, katika kijiji changu, upande wa Iyula.

Alikuwapo mjane mmoja, Bibi Ferista, aliyeishi peke yake kwenye shamba zuri la kahawa. Ndama wawili wa Jairo, jirani yake, walikufa, na uvumi ukaenea kwamba bibi ni mchawi, mwovu wa kutisha. Watu walijaa kwenye ghala la chama cha msingi cha wakulima wakitaka ahame kabla ya Jumapili. Vijana walikuja na fimbo. Mimi, mtendaji wa kijiji, niseme wazi kwamba niliogopa tungemzika bibi yule siku ile.

Bi. Yudita aliketi, akaagiza kila mlalamikaji asimame mbele ya Ferista na kueleza alichokiona kwa macho yake. Ruti alisema alinyimwa chumvi. Enesi alisema alitukanwa msibani. Ferista hakukana hata moja. Badala yake alianza kuwakumbusha waliyoyasahau: Ruti alinyimwa moto pia, na Enesi alitukanwa mara mbili, ya pili kwa Kinyiha, labda ndiyo maana hakutaka kuirudia. Mtu mmoja akacheka, kisha wengi, na fimbo zikashushwa. Bi. Yudita akatamka kwamba bibi ni mkorofi, mchoyo, na ana mdomo mchafu. Ferista akaafiki.

Wakabaki ndama. Jairo alikiri kwamba hakuona kitu, aliambiwa na Balthazar. Huyu Balthazar alikuwa mtu wa watu, wa kwanza kufika msibani na wa mwisho kuondoka, na hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Alisimama akaeleza kwa upole kwamba yeye binafsi haamini mambo ya uchawi, ila wananchi wamechoka. Kisha, ili tuione roho yake nzuri, akatuhakikishia kwamba shamba la bibi halitageuka pori, kwani ameshanunua miche ya kahawa ya kupanda humo, na anaimwagilia kila siku.

Bi. Yudita alimuuliza taratibu: "Kwa hiyo wewe huamini, lakini Jairo ukamwaminisha?" Balthazar akatabasamu, akasema, "Watu wa vijijini, mama, unawajua."

Hapo Bi. Yudita alisimama. "Bibi huyu anaudhi watu mchana kweupe, na kila mmoja anajilinda naye. Wewe ulijua hana kosa, ukapanga afukuzwe, na bado ulimwamkia kila asubuhi. Sasa huu ndio uovu."

Sijawahi kumsikia akilitumia neno hilo kabla ya siku ile, wala baada yake. Balthazar aliketi, tabasamu limemkauka. Baraza la kata lilimwamuru miche ile akaipande shuleni kwa mikono yake, na leo hii inazaa. Jairo alikwenda kuomba radhi kwa Ferista, akaambiwa suruali yake ni fupi.

Bibi Ferista alifariki Machi mwaka huu, nyumbani kwake, kitandani kwake, akilalamika kwamba uji aliopikiwa na Ruti una mabonge. Kijiji kizima kilimzika, na Ruti ndiye aliyelia kuliko wote.

Mama Siwale, kwa zahanati na madarasa Halmashauri itakushukuru. Sisi tunakushukuru kwa kaburi lile, lililo kando ya kahawa yake mwenyewe. Tunakuombea afya, uzee mtamu, na majirani wakorofi tu.